Paa Lisilo la Mtu

Mwaka wa 1966, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alikufa na taabu ikaanza. Sitaipamba. Alikufa wakati wa mvua, na matanga yalipokuwa yanaelekea kwisha wazee wakapanda juu ya nyumba yetu ya nyasi, wakang'oa ule mti mrefu uliosimama kileleni. Mti ule ulikuwa unawaambia wapita njia kwamba nyumba hii ina mwanamume. Nilisimama uani nikitazama. Hawakubomoa ukuta wala kugusa mlango. Walitoa mti mmoja tu, na nyumba yote ikabadilika mbele ya macho yangu, ikawa kama mtu aliyevuliwa kofia kwa nguvu.

Nilikuwa mtoto, sikuwa na maneno ya jambo lile. Maneno nimeyapata juzi juzi, kichwa kimeshakuwa cheupe, na aliyenipa ni msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu.

Shule niliacha darasa la pili. Nilibeba ndizi za watu kutoka Marani, nikabeba mawe, nikabeba maji, na kama angepatikana mtu wa kulipa abebewe hasira zake, ningezibeba. Baadaye mfanyabiashara mmoja Mwislamu mjini Kisii alinichukua nifagie duka lake la misumari na mabati. Baba yake alikuwa amekuja kutoka mbali, mama yake alikuwa wa hapa hapa. Kiswahili hiki unachosoma nilikipata pale dukani, maana kwetu nyumbani ni Ekegusii tu, na shuleni sikukaa hata nikakionja.

Mara kwa mara nilitumwa kupeleka unga nyumbani kwake. Mbele palikuwa na chumba cha wageni, mikeka na birika. Kisha pazia. Nyuma ya pazia sauti za wanawake, harufu ya iliki, dunia nzima usiyoiona. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono nilisukume nitue mzigo. Mke wa tajiri hakukasirika. Alisema tu kutoka upande wa pili:

"Mwanangu, hilo pazia ni ukuta. Usilipime kwa unene."

Nilitua unga pale pale nikarudi dukani. Neno lile lilinikaa mwilini miaka mingi bila kujua nalitunzia nini.

Sasa niruke. Nilifanya kazi, nikanunua, nikauza, nikafungua duka langu. Hakuna aliyenishika mkono. Nilipokuwa na vya kutosha, nikasema nitajenga nyumba ambayo ukoo wetu haujawahi kuiona. Nilikuwa nimeona picha yake kwenye kalenda moja ya Nairobi: ghorofa, vioo kutoka chini mpaka juu, sebule wazi isiyo na ukuta katikati, ngazi ikipanda hapo hapo mbele ya kila mtu. Nikampelekea fundi kalenda. Nikamwambia, jenga hii. Mpango wangu ulikuwa mzuri kabisa: mimi na mke wangu chini, mwanangu wa pekee na mke wake juu. Kila mtu na ghorofa yake, familia moja, paa moja.

Mimi sikosei mara nyingi, lakini nikikosea nakosea kwa saruji.

Kwetu kuna kitu tunaita chinsoni. Ni haya na heshima kati ya mzazi na mtoto. Mwana akishaoa, baba haingii nyumbani kwake. Hakioni kitanda chake. Mke wa mwana na baba mkwe wanapishana kwa adabu, macho chini, kila mmoja akimpa mwenzake njia. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini nilidhani sakafu ya zege kati yetu inatosha kuwa mpaka.

Siku ya kufungua nyumba, watu wamekula wameshiba, ndugu yangu mkubwa akasimama katikati ya sebule. Huyu hajawahi kunisifu tangu tuzaliwe. Akatazama dari, akatazama ngazi, akaniita.

"Momura ominto," akasema, yaani ndugu yangu, "nieleze vizuri. Kitanda cha mwanao kitakuwa wapi?"

"Juu."

"Na chako?"

"Chini."

"Kwa hiyo mtoto na mke wake watalala juu ya kichwa cha baba yao."

Nikasema basi tutabadilishana, mimi nitapanda juu.

"Vizuri," akasema. "Na kila asubuhi ukishuka utapita kwenye mlango wao ukiwasalimu wakiwa kitandani? Mzee wa ghorofa!"

Walicheka mpaka wengine wakashika kuta. Jina la Mzee wa Ghorofa ninalo mpaka leo. Mwanangu hakuhamia. Alijijengea nyumba ndogo ng'ambo ya ua, chini kidogo kwenye mteremko, na kule juu kwangu tukaanika mahindi. Mahindi yanakauka vizuri sana nyuma ya vioo. Hilo halikuwa kwenye kalenda.

Kisha pikipiki ikamwangusha mwanangu karibu na Masimba. Alikuwa mwalimu, mtu mrefu, mwenye kicheko cha kuamsha kuku. Madaktari walimwokoa kuanzia kiunoni kwenda juu. Alirudi nyumbani akalazwa chumbani kwake, mke wake akimgeuza, akimwosha, akimlisha.

Na mimi baba yake sikuweza kuingia.

Nilisimama dirishani. Kila alasiri, na wewe unajua alasiri ya Kisii, mvua haikosi. Nilisimama na mwavuli chini ya dirisha la mwanangu nikiongea na pazia. Kwanza alikuwa ananijibu kwa mzaha.

"Tata," baba, "nenda ukanyeshewe kwako, kule kuna vioo."

Nikacheka. Baadaye akawa anajibu kwa neno moja. Baadaye hakujibu. Mke wake aliniambia, akitazama chini kama desturi, kwamba amegeukia ukuta na chakula anakirudisha. Tulinunua kiti cha magurudumu, kikazama kwenye udongo mwekundu wa ua, pale kwenye mteremko. Nikasema vijana wambebe wamlete kwangu. Akakataa kupitia dirishani, na hiyo ndiyo mara ya mwisho mwezi ule kusikia sauti yake ikiwa na nguvu:

"Sitabebwa kama gunia la majani chai mbele ya watu!"

Pasta wetu akasema hizo ni mila za kale, damu ya Yesu imeshafuta, ingia tu. Nikasema sawa. Nikavua kofia, nikakanyaga kizingiti cha mwanangu. Mke wake alikuwa ndani na beseni, nguo ameikunja mpaka magotini, kazi ya kuosha mgonjwa. Aliniona akarudi nyuma mpaka ukutani. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo:

"Tata, ukiingia humu, mimi nitakuwa wapi?"

Nikarudisha mguu. Nilikuwa nimedhani kizuizi kile ni changu na mwanangu peke yetu. Kumbe ukuta ule ulikuwa umembeba yeye. Alilala, akaamka, akachoka, akalia humo ndani akijua kuna mahali pamoja duniani ambapo macho ya baba mkwe hayafiki. Nikimnyang'anya hapo, nimempa nini?

Nilienda nyumbani nikakaa kwenye sebule yangu ya vioo. Nilikuwa na mabati ya kuezeka nusu ya kijiji, na sikuwa na mahali pa kuketi na mtoto wangu. Na mtoto alikuwa anakwenda.

Mke wangu ndiye aliyemtaja yule msichana. Ni wa Nyamira, mama yake alichuma chai miaka yote, naye akasoma mpaka chuo kikuu, akawa msanifu wa majengo. Alikuja amevaa buti za mvua, na kalamu imechomekwa kwenye nywele. Nilimwangalia.

"Ni wewe utachora?"

"Kama utanijibu maswali, baba."

"Maswali ni ya polisi. Pima ua, chora, nikulipe."

Hakupima. Alichukua kigoda akaketi uani, akatazama. Aliniona nikienda dirishani, akaniona nikirudi. Alimwona mke wa mwanangu akitoka na beseni kwa mlango wa nyuma. Akaanza kuuliza. Nani hatakiwi kumwona nani? Nani akisikika si vibaya? Ukisimama hapa, jicho lako linafika wapi? Maji ya mvua yanashuka kutoka paa gani kwenda wapi? Mwanao akiwa mdogo, mlikuwa mnakaa wapi wawili nyinyi?

Nikachoka. "Binti, nimekuita uchore, hukuja kunihubiria."

Akacheka, akanyoosha kidole kuelekea ghorofa yangu. "Ile nani aliichora?"

"Kalenda."

"Kalenda haichori, baba. Kuna watu waliwaza kwanza."

Ndipo akanieleza, na mimi niliyekuwa nimesimama nikajikuta nimeketi kwenye nyasi. Alisema chuoni walisomeshwa habari za watu wa zamani ambao kazi yao ilikuwa kufikiri, na kwamba majengo mengi ya dunia ni mawazo yao yaliyogeuka mawe. Wako waliosema binadamu huwa huru asipofichwa na kitu, kuta ni uongo, mwanga uingie kila mahali. Waliowasikiliza wakajenga kwa vioo. Wako waliosema nyumba ifanye kazi tu, kama mashine ya kusaga, kisitiwe kitu kisicho na kazi. Wakajenga masanduku. Wako waliosema hapana, kabla hujajua kujenga, lazima ujue kuishi: na majirani wako, na wafu wako, na mvua yako.

"Kwa hiyo ile yangu..."

"Ile yako ni jibu zuri," akasema. "Lakini swali hukuliuliza wewe. Liliulizwa na watu wasiojua chinsoni."

Akanisimulia pia nyumba ya meneja kule kwenye mashamba makubwa ya chai mpakani mwa Nyamira, alipokuwa anamfuata mama yake kazini. Ilikuwa juu kabisa kilimani, madirisha mapana. Mama yake hakuwahi kumwona meneja kwenye madirisha yale, lakini hakuwahi kunyoosha mgongo bila kuyatazama kwanza. "Mama alidhani ni madirisha ya mwanga," akasema. "Mimi nilipoenda chuo nikaelewa yalikuwa ya kumfanya ainame."

Wacha nikuambie wazi, nimeuza saruji miaka zaidi ya arobaini. Mabati yangu yako juu ya makanisa, shule, vyoo na mabanda kutoka Nyakoe mpaka Keroka. Nilidhani najua nyumba. Hakuna siku niliwaza kwamba ndani ya kila mfuko nilioubeba kulikuwa na mtu anayesema wanadamu waishi hivi, wasiishi vile. Nikaukumbuka ule mti uliong'olewa juu ya nyumba ya baba. Nikalikumbuka pazia la tajiri wangu. Wazee wetu wasiojua kusoma walikuwa wamewaza hayo yote, wakayaandika kwa miti na nyasi, na sisi tulikuwa tunaishi ndani ya fikra zao kama samaki ndani ya maji. Niliitazama nyumba ndogo ya mwanangu, nikaitazama ghorofa yangu, na kwa mara ya kwanza nikaona zinasema. Moja ilikuwa inasema kweli.

"Chora," nikamwambia.

Alichochora hakikuwa nyumba. Ni paa tu, limesimama katikati ya ua kati ya nyumba yangu na ya mwanangu, kwenye nguzo zake lenyewe, haligusi kwangu wala kwake. Kila upande ameacha nafasi ya kiganja kati ya paa lile na paa la nyumba. Fundi wangu akaona ujinga.

"Mzee, tukilipigilia ukutani tutaokoa nguzo."

"Hata msumari mmoja usiguse ukuta," msichana akasema. "Mvua ipite hapo katikati."

"Mvua ina kazi gani?"

"Ndiyo mpaka."

Fundi alinitazama mimi. Mimi ni mtu wa misumari, lakini nilimwambia fanya anavyosema.

Kwenye ukuta wa chumba cha mwanangu wakatoboa mlango mpana, kitanda cha mgonjwa chenye magurudumu, si kile cha ndoa, kipite. Mbele yake, kwa ndani, wakaweka ukuta mfupi uliokunja njia kama kiwiko, ili kitanda kitoke lakini jicho lisiingie. Pembeni kidirisha kidogo cha kupitishia chai, ambapo unaona mkono tu. Sakafu ikainuliwa kwa mawe mpaka ikalingana na ya chumba chake. Na sehemu yangu ya kukaa, aliipima mara nyingi kuliko kitu kingine chochote: nikikaa, macho yangu yawe sawa na macho ya mtu aliyelala akiegemea mto. "Safari hii," akaniambia, "hakuna atakayelala juu ya kichwa cha mwenzake." Kumbe hadithi ya ghorofa yangu ilikuwa imefika Nyamira.

Paa lilipokwisha kuezekwa, ndugu yangu mkubwa akaja na wazee. Nilimwogopa, sisemi uongo. Neno lake moja lingetosha, mwanangu asingetoka na mke wake asingekubali atoke. Alizunguka nguzo zote akizigonga kwa fimbo.

"Hii ni nyumba ya nani?"

Kabla sijafungua mdomo, msichana akanitangulia. "Unaionaje, baba?"

"Ikiwa ni ya mwana, huyu haingii. Ikiwa ni ya huyu, mke wa mwana hatakaa karibu nayo kwa raha. Na nyumba haiwezi kukosa mwenyewe. Sijawahi kuona."

"Ina mlango?"

Akazunguka tena. "Haina."

"Ina mafiga? Kuna mwanamke amewasha moto humu?"

"Hakuna."

"Juu kuna mti wa mwenye nyumba?"

Akainua kichwa akatazama kileleni kwa muda mrefu. Bati lilikuwa tupu. Wazee wengine nao wakatazama juu, kofia zikiwaanguka.

"Basi si nyumba," akasema hatimaye, polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Kisha akacheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu tulipokuwa tukichunga mbuzi. "Ikiwa si nyumba, hakuna atakayekuwa ameingia. Mzee wa Ghorofa, umejenga nyumba isiyo nyumba! Hiyo nayo ulitoa kwenye kalenda?"

Nilimtazama yule binti. Alikuwa amejua tangu siku ya kigoda kwamba wazee wangekuja, na alikuwa amejenga jibu kabla hawajauliza swali. Nimeona daraja, nimeona uwanja wa ndege. Sijaona ujenzi kama ule.

Alasiri iliyofuata nilivaa koti la kanisani. Nikaketi mahali pangu nikasubiri. Nilisikia magurudumu kwanza, yakigonga kwenye kile kiwiko cha ukuta, halafu sauti ya mke wake, "Vuta mkono ndani, utaumia vidole!" na kitanda kikatokeza kwenye mwanga, na juu yake mwanangu.

Nilikuwa nimeongea na pazia muda mrefu hata nikasahau kwamba sauti ina uso. Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa na mvi, mtoto wangu ana mvi. Naye alinitazama. Mvua ikaanza, ikapiga bati, ikateremka kwenye zile nafasi mbili, moja upande wangu moja upande wake, kama mapazia mawili ya maji. Nikakumbuka: usilipime kwa unene. Tulikuwa wakavu katikati.

"Tata," akasema, "umezeeka hivyo lini?"

"Nikiwa dirishani kwako."

Akaanza kucheka, kikohozi kikamshika, akacheka tena. Si kile cha kuamsha kuku, lakini kuku mmoja aligeuka. Kwenye kidirisha mkono ukatoa kikombe cha chai, kisha cha pili, kisha sahani ya viazi vitamu, na nyuma ya ukuta nikamsikia mke wake akicheka pia, akiwa kwake, mahali pake, hakuna anayemwona. Mwanangu akachukua kiazi. Akakitazama. Akakimenya akala, akachukua kingine.

Nikamshika mkono. Nilikuwa sijamshika tangu aoe.

Sasa anatoka kila siku. Asubuhi watoto wa jirani wanakuja na madaftari, anawafundisha hesabu chini ya paa lile, na alasiri wanajua kuondoka. Miguu haijarudi, na haitarudi. Lakini hageukii ukuta tena.

Mnaonijua mnajua sisifu mtu bure, na kujisifu nimeshajisifu vya kutosha. Hivi ndivyo vitu ninavyo leo:

Duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, na dogo lake Nyakoe.

Shamba la chai Nyamira.

Ndizi na parachichi nyuma ya nyumba.

Ng'ombe wa maziwa, na fahali mmoja mkorofi.

Lori linalotembea, na lingine lisilotembea.

Ghorofa moja ya vioo. Juu kuna mahindi.

Mke wangu.

Mwanangu, yu hai.

Kiti kimoja cha mbao, chini ya paa lisilo langu.